Kitabu cha Picha kwa Kila Sikukuu: Namna ya Kumchagulia Mtoto wa Mwanza

Desemba moja nilikaa barazani kwangu Kirumba na watoto kumi na mmoja, nikiwasomea kitabu cha Krismasi nilichokipata kwenye mitumba ya Mlango Mmoja. Kwa macho kilikuwa kizuri: jalada gumu, rangi zinang'aa, mzee wa ndevu, mti wa taa. Ukurasa wa nne watoto wawili wanarushiana theluji. Binti mmoja wa miaka mitano, ambaye kwao ni Magu, alisogea mpaka pua ikagusa karatasi.

"Mwalimu, mbona wanachezea pamba? Mama yao hawaoni?"

Kwao pamba ikishachumwa na kurundikwa, mtoto anayeirukia anaijua fimbo. Nikaanza kueleza theluji ni nini, nikapitia kwenye friji, nikafika kwenye barafu za kuuza, na hadithi ikafia hapo hapo. Hakuna aliyeuliza yule mzee wa ndevu alifika wapi.

Zamani nilinunua kwa kuangalia jalada: cha Krismasi kwa Krismasi, cha Idi kwa Idi. Siku hizi naanzia upande mwingine. Kitabu cha sikukuu si lazima kiitaje sikukuu yenyewe. Kinachotakiwa ni kibebe jambo ambalo mtoto wako analifanya siku hiyo, au linalomkaa moyoni. Hatua zifuatazo ni kwa mzazi, mlezi au mwalimu wa awali aliye Mwanza au popote kandokando ya ziwa, asiye na duka kubwa la vitabu vya watoto karibu naye.

Hatua ya 1: Tengeneza kalenda yako

Chukua kalenda ya ukutani, hata ile ya bure ya duka la pembejeo, na kalamu za rangi tatu.

Rangi ya kwanza ni ya siku zisizohama: Mapinduzi 12 Januari, Muungano 26 Aprili, Siku ya Mtoto wa Afrika 16 Juni, Sabasaba 7 Julai, Nanenane 8 Agosti, kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere 14 Oktoba, Uhuru 9 Desemba, Krismasi 25 Desemba. Rangi ya pili ni ya zinazohama. Idi zote mbili na Maulidi hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11. Pasaka huchezea kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Rangi ya tatu ni ya nyumbani kwako: siku za kuzaliwa, komunyo ya kwanza, mahafali ya chekechea, siku baba anayefanya kazi mgodini anaporudi Mwanza. Hizi za nyumbani ndizo watoto wanazozikumbuka, na ndizo tunazozisahau kununulia kitabu.

Halafu hesabu wiki tatu nyuma ya kila tarehe na utie alama. Hiyo ndiyo siku ya kuanza kutafuta. Maduka yetu mengi ya vitabu yamejaa vitabu vya kiada na madaftari, na vya picha vinakuwa rafu moja ya chini, pembeni, pamoja na rula. Ukiagiza Dar es Salaam mzigo unakuja na basi, na kila mtu anajua mizigo ya basi ikoje wiki ya Krismasi.

Nilipokuwa naandaa kalenda yangu ya kwanza niliacha siku za aina moja, na nikalipa. Mwezi wa tano wa mwaka mmoja niliwasomea watoto kitabu cha kiboko mnene anayeomba lifti kwenye mtumbwi. Mtumbwi unapinduka, wanyama wote chubwi majini, kila mtu anacheka. Watoto walicheka mpaka wakagaragara. Bibi wa mmoja wao alikuwa amekaa pembeni akichambua dagaa. Aliweka ungo chini, akaondoka bila kuaga. Jioni nikamfuata kwake.

"Wabeja, Mwalimu, kwa kuwasomea," alinishukuru kwa Kisukuma, taratibu tu. "Ila leo ni tarehe ishirini na moja."

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia Mwanza. Waliopotea ni mamia, na wengi wamezikwa Igoma. Mimi nilikuwa nalijua hilo kama kila mtu wa hapa. Sikuwa nimeliandika kwenye kalenda, basi. Siku hizi ipo, na ipo 20 Septemba pia, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, mwaka 2018. Ukiwa Ukerewe huhitaji kukumbushwa. Nitarudi kwenye vitabu vya siku hizo mbele kidogo.

Hatua ya 2: Andika vitenzi, si majina

Kaa na karatasi ujiulize: siku hiyo mtoto wangu *anafanya* nini? Usiandike "Idi". Andika: anasubiri, anaogeshwa mapema, anavaa nguo inayowasha shingoni, anapeleka sahani kwa jirani, anahesabu hela za idi. Usiandike "Krismasi". Andika: anasafiri, anabanwa kwenye siti, anatapika, analala na binamu sita kwenye mkeka mmoja, anamwogopa babu kidogo.

Sasa tafuta kitabu chenye kitenzi kimoja kati ya hivyo. Kimoja kinatosha. Kitabu cha mtoto aliyetumwa na chungu kwa jirani na kukitua kila alipokutana na jambo la kushangaza ni kitabu cha Idi hata kama hakuna msikiti ndani yake. Mtoto ndiye atakayeuweka.

Orodha hii pia hukuonyesha lini *usinunue*. Nina kitabu kizuri mno cha mbuzi anayevaa kofia na kulala mguuni mwa kitanda cha rafiki yake. Usithubutu kukisoma wiki moja kabla ya Idi Kubwa wakati kamba imeshafungwa kwenye mwembe na mbuzi wa kweli analia uani. Nilifanya hivyo kwa jirani. Mtoto alimficha mbuzi chooni na kofia ya baba yake.

Hatua ya 3: Kijaribu kitabu kabla hujakilipia

Simama dukani, usione haya. Muuzaji atakuvumilia ukimwambia ni cha zawadi.

Funika maneno kwa kiganja, upitie picha tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiweza kuisimulia hadithi kwa picha peke yake, kitabu kinafaa kwa asiyejua kusoma. Ikiwa picha zinarudia tu yale yaliyoandikwa, au kila ukurasa ni mtu amesimama akitabasamu katikati, kirudishe.

Halafu soma ukurasa mmoja kwa sauti, hata ya chini. Kiswahili cha kitabu cha mtoto kinapaswa kuteremka. Ulimi ukijikwaa mara mbili kwenye sentensi moja, aghalabu kimetafsiriwa kwa haraka. Angalia pia ni Kiswahili cha wapi. Vitabu vya Kenya ni vingi na vingine ni vitamu sana, lakini humo watu wanapanda matatu na mtoto yuko gredi ya pili. Mimi sivikatai. Nasoma "daladala" pale palipoandikwa "matatu" hadi mtoto ajue kusoma anikamate.

Hesabu kurasa. Vitabu vingi vya picha vya nje vina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani hukunjwa mara kadhaa na kutoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita. Vyetu vya kubana kwa pini mara nyingi ni 16 au 24, na kwa mtoto wa miaka mitatu hizo 16 ni nyingi za kutosha. Kwa umri chukulia hivi: chini ya miaka miwili, karatasi ngumu isiyotafunika na kitu kimoja kwa ukurasa, mitatu hadi mitano, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, sita hadi nane, aya fupi, lakini picha ziwepo bado. Watu wana haraka ya kuwanyang'anya watoto picha wakishaingia darasa la kwanza. Sijui wanakimbilia wapi.

Jaribio la mwisho ni la hapa kwetu: tafuta picha ya maji. Mtoto wa Kirumba au Igombe anaijua mitumbwi, anajua wavu unavyokaa ukikauka, anamjua sangara kwa mdomo na sato kwa mwili. Nimeshaona kitabu kilichoandikwa "ziwa" kikiwa kimechorwa pomboo. Mchoraji asiyetofautisha ziwa na bahari atakukosea na mengine, na mtoto akishakuta kosa moja la samaki hakiamini tena kitabu kizima.

Hatua ya 4: Linganisha kitabu na siku

*Idi.* Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo ziwa linapoingia.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi wa dagaa ana kalenda ya mwezi kichwani bila kufundishwa: mwezi ukijaa, baba yuko nyumbani, ukiisha, baba yuko ziwani. Idi ya kufunga Ramadhani huingia mwezi mwandamo, ule uzi mwembamba, yaani wakati giza ni zito na kazi imepamba moto. Watoto wengi wa mialoni huipokea Idi hiyo huku baba akiwa kambini kisiwani. Idi Kubwa iko siku ya kumi ya mwezi. Mwanga umeshakuwa mkali na baba anakaribia kurudi.

Ukijua hilo, uchaguzi unakuwa tofauti. Kwa Idi ya kwanza tafuta kitabu cha kusubiri: mtoto dirishani, mtu aliye mbali, mwezi unaoonwa na wote wawili. Kitabu chochote chenye mwezi unaobadilika umbo ukurasa hadi ukurasa kinafaa, hata cha sayansi. Anza kukisoma Ramadhani inapoanza, ukurasa mmoja kila usiku, kisha mtoke nje mkautazame wenyewe. Kwa Idi Kubwa tafuta kitabu cha kugawana: chungu kimoja, watu wengi. Mbuzi wa kofia abaki kabatini.

*Krismasi.* Waachie wenye theluji theluji yao. Desemba yetu ni mvua, maembe na kumbikumbi waliojaa kwenye taa ya nje. Kitabu cha mvua kubwa na paa linalovuja ni cha Krismasi. Cha safari vilevile, maana nusu ya mji huhama: wengine wanapanda meli kwenda Nansio, wengine wanaelekea Sengerema na Geita. Mtoto wa miaka minane aliyezoea kupanga foleni ya kivuko Kigongo ana hadithi ambayo mdogo wake hataijua, kwani tangu Juni 2025 magari yanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi juu ya maji. Mchagulie kitabu chenye kivuko, amsimulie mdogo wake. Kama familia ni ya kanisani na unataka kile cha horini, kinunue, ni hadithi yao. Angalia tu mchoraji asiwe amewapaka wote, kuanzia wachungaji hadi ng'ombe, rangi ya maziwa.

*Pasaka* ina tabu ya mayai na sungura wa vitabu vya nje. Mimi huchukua kitabu cha mbegu, nikaondoka. Masika yako mlangoni, mtoto apande harage.

*Sabasaba* imepata sura ya pili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe ile ile TANU ilipozaliwa mwaka 1954. Chagua kitabu cha vitendawili, cha mashairi mafupi au cha kuchezea sauti, chenye maneno yanayogongana mdomoni. Siku hiyo usitafute maana. Tafuta kelele.

*Nanenane* kwetu ni viwanja vya Nyamhongolo, vumbi, na kutembea mpaka mtoto abebwe mgongoni. Kosa la kawaida ni kununua kitabu cha mifugo baada ya kutoka huko. Kisomeni *kabla*, siku tatu nne mfululizo. Mtoto akiingia uwanjani anakuwa na kazi: kumtafuta yule ng'ombe, yule samaki wa kwenye bwawa, ile trekta. Niliwahi kumwona mvulana akitembea na kitabu mkononi akilinganisha ng'ombe mmoja mmoja na picha kama mnunuzi wa mnadani. Alimkataa ng'ombe wa banda la tatu kwa sababu pembe zilikuwa fupi.

*Bulabo*, ngoma za Wasukuma pale Bujora, Kisesa, huja wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita mara nyingi. Mtoto atawaona Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wakishindana kuvuta watazamaji, na atamwona chatu shingoni mwa mchezaji. Vitabu vya nyoka tulivyo navyo karibu vyote vina nyoka mbaya anayeuawa mwishoni. Kwa wiki hiyo tafuta kimoja ambamo nyoka ni nyoka tu: anajivua gamba, anataga, anaota jua. Kisha mkumbushe mtoto kwamba yule wa ngomani ana mwenyewe na wa kichakani hana, asije akajaribu.

*Siku ya Mtoto wa Afrika.* Ni kumbukumbu ya wanafunzi wa Soweto waliouawa 16 Juni 1976 walipoandamana, na kilichowatoa madarasani ni kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana. Mtoto wa miaka minne humpi risasi. Ila lugha anaielewa. Chukua kitabu chochote anachokipenda cha Kiswahili, umpe bibi yake akisimulie kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita kwa kufuata picha. Watoto wanaoielewa lugha hiyo hujaa fahari, na wasioielewa hushika maneno matatu. Hugharimu sifuri, na bibi siku hiyo huvaa kitenge kipya.

*Uhuru* huangukia likizo, na vitabu vyake vingi ni bendera na viongozi waliosimama wima. Vina nafasi yake kwa mtoto mkubwa. Kwa mdogo mimi hutumia hadithi ya Masala Kulangwa: zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote na mifugo yao, amebaki mama mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanawe anakua, analiua, analipasua, na watu wanatoka mmoja mmoja wakipepesa macho kwenye jua. Katika masimulizi niliyokuzwa nayo, kisu kinamkata sikio bibi kizee mmoja kwa bahati mbaya, naye anatoka akifoka, hana habari ya asante. Watoto wanampenda huyo bibi kuliko shujaa. Usipoipata yenye picha, mtaichora wenyewe. Nitaeleza kwenye hatua inayofuata.

*Siku ya kuzaliwa.* Usiangalie umri ulioandikwa nyuma ya kitabu. Angalia mtoto amejifunza nini mwaka huu. Ameanza kuchota maji kwa kidumu chake? Amepata mdogo? Amekatazwa kunyonya kidole? Kitabu kiko hapo. Mapacha, akina Kulwa na Doto, wapewe vitabu viwili tofauti, kila mmoja na jina lake ndani. Wanagawana kila kitu tangu tumboni, na watabadilishana baadaye kwa hiari yao. Na kama kuna Shija, yule anayezaliwa baada ya mapacha, ole wako ukimsahau.

*Siku za majonzi.* Mei 21, Septemba 20, arobaini ya babu. Epuka maji yenye vurugu na epuka vichekesho vya kuzama. Tafuta kitabu kitulivu ambamo mtu hayupo ila vitu vyake vipo: redio yake, baiskeli, kofia msumarini. Kagua neno moja: kitabu kiseme *amekufa*. Vinavyosema "amelala" au "amesafiri" huwatia watoto wadogo hofu ya kulala, au huwaacha wakisubiri basi. Kisome ukiwa na mtoto mmoja au wawili, si kundi, na ukiulizwa swali usilolijua jibu, nyamaza naye.

Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, nayo ipo, hasa ukikaa karibu na hekalu la Kihindu pale Makoroboi ambako watoto wa mtaa mzima husikia fataki. Kitabu cha taa au cha kuogopa giza kinatosha.

Hatua ya 5: Kipate, au kitengeneze

Anza na maktaba ya mkoa, kabla ya duka. Nenda na mtoto, aone kwamba vitabu vinaazimwa na kurudishwa. Halafu maduka ya katikati ya mji, ukiinama kwenye ile rafu ya chini. Wachapishaji wa nyumbani kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wana vitabu vya picha vya Kiswahili; mwombe muuzaji akuagizie kwa jina la mchapishaji badala ya kuuliza tu "mna vya watoto?" Kwenye mitumba utapata vya Kiingereza vyenye karatasi ngumu kwa bei ya soda. Vichukue kwa ajili ya picha, na usimulie kwa Kiswahili. Kagua kurasa zote kabla, maana za mwisho mara nyingi zimeliwa.

Njia ninayoitumia zaidi ni intaneti na steshenari. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, umeweka mtandaoni vitabu vingi vya picha vya lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, kwa leseni huria: unaruhusiwa kupakua na kuchapa, ilimradi uache majina ya mwandishi na mchoraji. Usiviuze bila kusoma leseni, kwani vingine haviruhusu biashara.

Kuchapa kijitabu cha kurasa nane, mwambie kijana wa steshenari hivi, maana ukimwachia atachapa karatasi nane za upande mmoja na kukupa bili. Karatasi mbili za A4, zilale, pande zote mbili. Karatasi ya nje: upande mmoja ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake wa 2 kushoto na wa 7 kulia. Karatasi ya ndani: wa 6 na wa 3; nyuma yake wa 4 na wa 5. Kila jozi ikijumlishwa ni 9; ikiwa si 9, mmekosea. Kunja katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo. Steplaa ndogo haifiki katikati, kwa hiyo tumia sindano na uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu. Haukatiki. Jalada lifanyiwe laminesheni kama mtoto wako ni wa kushika ugali na kitabu kwa pamoja.

Kitabu cha kuchora wenyewe hufuata mpango uleule, isipokuwa unakunja kwanza, unaandika namba za kurasa kwa penseli, kisha watoto wanachora. Shing'weng'we tuliyemtengeneza mwaka juzi alichukua kurasa mbili zilizofunguliwa na bado mkia ulitoka nje. Tukaubandika kwa gundi. Unaning'inia hadi leo.

Hatua ya 6: Kisome kwa wakati wake

Siku yenyewe ya sikukuu ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kusoma kitabu. Wageni wameingia, pilau inanukia, muziki wa jirani, soda. Soma mkesha, kabla ya kulala, na usome tena kesho yake, watoto wakiwa wamechoka na tumbo zimejaa. Hiyo kesho ndiyo yenye utamu. Ndipo mtoto anapokatisha kila sentensi: "Hata mimi jana…" Mwache akatishe. Ukimaliza ukurasa mmoja tu, umesoma vizuri.

Kama ni zawadi, andika kwa penseli ndani ya jalada: jina la mtoto, tarehe, na sentensi moja ya kilichotokea. Kwenye kimoja cha mwanangu nimeandika, "Nanenane, ulipotea dakika kumi, tukakukuta kwa sungura." Hadithi iliyochapwa humo haitaki kuisikia tena. Hicho cha penseli anataka kila mwaka.

Vihifadhi juu, mbali na ukuta unaovuta unyevu, kwenye ndoo yenye mfuniko ukiwa unakaa karibu na maji kama mimi, maana mende wanapenda gundi ya jalada. Vya Idi na Krismasi usivifungie mwaka mzima, mtoto akiomba mvua mwezi wa nane msomee mvua. Ndoo yangu huwa wazi siku zote, isipokuwa mbuzi wa kofia, ambaye huingia chini kabisa mwezi mwandamo wa Dhulhija ukionekana na kutoka nyama ikishaisha.